Maji Niliyojazia Mtungi wa Minyoo Yako

Mwende mjukuu wangu,

Simu umezima, basi utasoma. Na usikunje uso kabla sijamaliza.

Unakumbuka siku ulipoleta minyoo bapa hapa Mountain View, ndani ya bakuli langu zuri? Nilikugombeza mpaka jirani akachungulia. Ukanikalisha mezani, ukakata mmoja kwa wembe. "Ngoja tu, Shosho." Siku chache baadaye kipande cha mkia kikaota kichwa, na macho mawili yenye makengeza. Nikakuuliza mbona mguu wa babu yako haukuota ulipokatwa. "Ndiyo hiyo tunatafuta," ukasema. Ukanionyesha kwenye kompyuta hiyo hifadhidata yenu: kila mkato wa minyoo uliofanywa na watu wa nchi nyingi, umepita wapi, kimeota nini. Kompyuta inasoma yote, inatafuta kanuni. "Nikiandika uongo, Shosho, itajifunza uongo."

Neno hilo linanichoma.

Wiki ile mfereji ulipokauka, nilifulia maji ya mtungi wako, yale ya minyoo ulibeba kutoka chemchemi huko Uthiru. Uliniambia mara ngapi nisiyaguse? Nikayagusa. Mfereji uliporudi nikaujaza mtungi mpaka juu, nikakaza kifuniko, nikanyamaza kama mwizi. Wewe ukawabadilishia minyoo maji. Kesho yake wote wameyeyuka kama sabuni.

Nilikusikia ukimwambia mwalimu wako kwa simu, "Ni mimi. Nilikata vibaya." Nilikuwa hapo hapo, nikaendelea kuchambua sukuma wiki. Ukaandika kwenye hiyo hifadhidata kwamba mkato ule unaua, ukabeba begi, ukaenda Machakos kumwambia mamako umeacha masomo.

Umeacha nini? Mjinga wewe! Mikono yako haina kosa. Mbona hukuuliza habari ya maji? Kwa sababu uliniamini. Hapo ndipo ulikosea.

Jana nimeenda mpaka Upper Hill, ofisini kwa mwalimu wako. Akanipa kiti, nikakataa. Nimemweleza nikiwa nimesimama. Anasema hiyo hifadhidata inafungwa Ijumaa, na aliyeandika ndiye wa kurekebisha.

Basi fungua hiyo kompyuta. Futa hayo ya mkato. Andika: maji ya mfereji yenye dawa ya kuua vijidudu, yalitiwa na nyanya wa mtafiti, akaficha. Usiandike "ajali." Usinipambe.

Kuomba msamaha sijazoea. Babu yako alikufa akingoja. Wewe nakuomba.

Ni mimi,
Shosho yako