Mama Yetu Rozalia, Uliyeshuka Shimoni

Mwaka umetimia, Mama, tangu udongo wa bondeni ukuchukue, asubuhi ya Jumanne, tarehe 28 Aprili 1981. Hapa nyumbani Karatu bado tunashtuka mvua ikigonga bati.

Ulitoka Singida ungali msichana, ukaja kuchuma kahawa mashambani. Shule hukuiona. Ulipojiandikisha darasa la watu wazima ulikuwa umeshavuka miaka arobaini. Ukajua kuandika jina lako, kisha ukaingia darasa la ufinyanzi la Mwalimu Wilibrodi. Mitungi yako mingi hukuiuza. Ulikuwa ukimpelekea mgonjwa maji mtungini, unarudi mikono mitupu na kusema, "Akae nao tu."

Ulikuwa mwoga, Mama, wala hukuficha. Uliogopa nyati wa msituni, radi, hata moto wa kuchomea vyungu. Chungu chako cha kwanza kilipopasuka motoni ulikimbia hadi barabarani, kanga ikabaki kwenye miiba. Darasa zima lilicheka, nawe ukarudi ukicheka.

Siku ile tulikwenda watatu kuchimba udongo wa darasa la alasiri: wewe, mimi Benedicta, na Lusia mwanafunzi mwenzetu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Lusia alikuwa chini shimoni, anachokonoa ubavuni kwenye udongo laini. Wewe ukasimama ghafla.

"Lusia, toka! Ukingo unatoa sauti."

"Mama Bene, wewe hata panya akipita unasikia nyati!"

Nami nilicheka. Nisamehe, Mama.

Ukavua kandambili ukashuka. Ukamshika Lusia kiunoni, ukamsukuma juu, nikamvuta.

"Na wewe, Mama, lete mkono!"

"Ngoja nipate pa kukanyaga."

Ukingo ukakuporomokea.

Tulichimba kwa viganja, tukiogopa jembe lisije likakuumiza. Wanaume wa shambani walipofika na kukutoa, ulikuwa umeshatuacha.

Tangu hapo hofu imehamia kwetu. Baba akiona mawingu hutuita kwa majina, mmoja mmoja, mpaka sote tuitike. Petronila, kitinda mimba wako, hataki kucheza hata kwenye mtaro. Mimi nilirudi darasani mwezi wa kwanza. Nikishika udongo mbichi vidole vinakufa ganzi. Mwalimu Wilibrodi ananiambia, "Pumua, Benedicta. Ukishindwa leo, njoo Alhamisi."

Shimo lile bado liko wazi, Mama, na tumesikia watoto wanashuka humo. Hatuwezi kukaa kimya. Jumapili, tarehe 2 Mei 1982, baada ya misa ya kukuombea, tutakwenda sote kulifukia. Tunaogopa hata kulisogelea. Majirani na wanadarasa, tunawaomba mje na majembe, na tusimame mbali na kingo.

Lusia hajapita njia ya shimo lile tangu siku uliyomtoa. Juzi alikuja nyumbani. Alipoinuka kuondoka akasema, "Nitakuja. Ila mnishike mkono."

Tutamshika, Mama.

Unakumbukwa na mumeo Bonifasi, wanao Benedicta, Marseli na Petronila, dada yako Naomi aliyeko Singida, Mwalimu Wilibrodi na darasa lake, na Lusia.

Siku zetu zote utakuwa nasi.