Makofi ya Gatina

Mjukuu wangu Otieno, sasa? Sisi huku Kibera tuko, na mguu wa nyanya yako umepona.

Unauliza kama kweli nilimfundisha yule msanii Nekesa kuimba. Kwa sauti, hapa hakuna wa kunishinda mpaka leo. Lakini Nekesa nilimfukuza mlangoni: "Peleka kelele kwenu." Aliyemfundisha ni nyanya yako, wakifua nguo.

Siku alipokuja kuimba uwanja wa Gatina, jirani na hapa Kibera, akiwa staa, hata wachoma mahindi walinyamaza. Akasema, "Aliyenifundisha yuko hapa, asimame." Nyanya yako akaona haya, akainama. Nikasimama mimi. Nekesa akanitazama sana, akasema, "Mpigieni mzee makofi."

Nyanya yako alipiga pia. Hajawahi kuniuliza.

Hii barua msomee nyanya yako kwa simu. Mimi nitatoka nje.

Babu yako