Mkate wa Kufutia

Jumatatu, 3 Juni 1912

Sanamu ya mkono wa plasta tena. Vidole vilevile, kucha zilezile, kivuli kilekile chini ya kidole gumba. Masika yote nimechora mkono wa Mzungu nisiyemjua. Mkate tunaopewa kufutia mkaa wa kuchorea nimeula kabla kazi haijaanza. Njaa haina adabu. Nilipokosea kivuli sikuwa na cha kufutia, nikakaa na kosa langu mpaka kengele.

Mchana historia ya sanaa. Bruda, mtawa Mdachi anayetufundisha hapa misheni, kafungua kitabu chake cha picha, kurasa za Wayunani, watu wa mawe wasio na nguo. Akasema hao ndio mwanzo wa yote. Kisha akatuuliza: na wazee wenu, wao walifanya nini? Tomasi, bingwa wa kujipendekeza, akasema sisi tuna mikeka na mitungi, basi. Karakana nzima ikacheka. Bruda naye akatabasamu, wala si kwa ubaya.

Damu ikanichemka. Nikasema kwetu kuna mwanahiti. Nikamweleza: kisanamu cha mti, hana mikono wala uso, anapewa mwali akiwekwa ndani. Mwali anamlea kama mtoto. Anampaka mafuta, anamlaza, anamwamsha. Akimlea vizuri, siku ya kutoka anatoka naye, na baadaye atazaa. Bruda akaacha kutabasamu. Akasema, lete tumwone.

Kwa nini sikufunga domo langu?

Jumamosi, 8 Juni

Nimepanda nyumbani. Ukungu hadi magotini, njia inateleza, mahindi yameanza kukauka. Bibi, mama wa mama yangu, kanifurahia. Huku juu bado wananiita Mkude. Jina la ubatizo, Paulo, wamelisikia, hawalitumii.

Zaina, mtoto wa dada yangu, yumo ndani tangu mavuno ya mwaka jana. Ndiye mwali wa ukoo mwaka huu, na mwanahiti wetu yuko naye. Sikuzunguka. Nilimwambia dada namtaka mwanahiti kwa siku chache, mwalimu wangu anataka kumchora, kisha namrudisha. Dada kanitazama sana. Mwali hatenganishwi na mwanahiti wake, hilo hata mtoto anajua. Lakini kaka yetu mkubwa amekufa, na mjomba wa Zaina sasa ni mimi. Mjomba akisema, nani atabisha?

Akamleta amefungwa kwenye kaniki. Nyuma ya mlango nilimsikia Zaina akiuliza, "Anakwenda wapi?" Dada akamjibu, "Kwa mjomba wako." Nadhani jibu lilimtosha.

Njia nzima nilimbeba kifuani. Ananuka mafuta ya nyonyo. Juu ya kichwa chake kuna kishungi cha nywele za kila mwali aliyemlea. Za dada zimo. Za mama yetu marehemu zimo.

Jumatatu, 10 Juni

Siku nzuri. Naandika hivi kwa sababu sikuzoea.

Mwanahiti katikati ya meza, pale unapokaa mkono wa plasta. Wote wanamchora. Tomasi kachora gogo. Mimi nilijua mahali pa kila kitu kabla ya kutazama. Bruda kazunguka, kasimama nyuma yangu muda mrefu, kisha akachukua karatasi yangu akaibandika ukutani. Halafu akaanza kusema. Alisema juu ya shingo yake, juu ya kifua, namna fundi alivyojua cha kuacha. Maneno yaleyale anayowapa Wayunani, akampa mwanahiti wetu. Machozi yalinilengalenga, nikajifanya vumbi la mkaa limeniingia.

Ameomba mwanahiti abaki siku chache ili tumchore kwa mwanga wa asubuhi pia. Nikakubali. Ningekataaje, siku kama ile?

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwomba Bruda nimrudishe mwanahiti nyumbani. Akasema ngoja kwanza.

Ijumaa, 14 Juni

Mezani umerudi mkono wa plasta. Mwanahiti hayupo. Bruda yuko mjini leo, hakuna wa kuulizwa.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa nimemkuta Bruda stoo. Kuna sanduku kubwa, ndani nyasi kavu, ngoma, ngao, vipepeo kwenye vioo. Na mwanahiti wetu kalazwa katikati, nyasi hadi kidevuni.

Anampeleka Ulaya, kwenye nyumba ya makumbusho. Nilisema, Bruda, huyo si wangu, ni wa ukoo, na kuna mtoto anamngoja. Hakukasirika. Heri angekasirika. Akasema huku atakuwa chakula cha mchwa, au mapadri watamtupa motoni siku wakimwona. Kule atawekwa ndani ya kioo, watu watamtazama miaka na miaka. Akasema mimi ndiye wa kwanza kumwelewa, kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza kumshukuru. Akanishika mkono kama mtu na mwenzake.

Nami nikamshika wake. Mungu wangu, nikamshika wake!

Jumatano, 19 Juni

Dada ameteremka na ndizi, akaja kuniulizia mlangoni. Mwali atatoka mwezi ujao, Jumamosi ya tatu, pombe inaanza kutengenezwa. Zaina halali vizuri. Anaamka, anapapasa pembeni yake, kisha anakumbuka. Dada alicheka akinieleza. Akasema, "Mjomba na mpwa wake, mtajuana wenyewe. Wewe mlete tu."

Nikasema nitamleta. Nilimtazama usoni nikasema hivyo.

Jumapili, 23 Juni

Nimepata shauri. Nitachonga mwingine. Wangu aingie sandukuni, wetu arudi nyumbani. Ninayo michoro yangu, ninao mkono uliofundishwa, ninazo patasi za Bruda. Bruda mwenyewe kanipa kipande cha mninga. Kaona nimechangamka, kafurahi. Leo nimekula vizuri.

Jumamosi, 29 Juni

Haiwezekani.

Nilianza na kiwiliwili, kikakubali. Shingo, ikakubali. Nilipofika kichwani patasi ikaanza kutafuta macho. Mwanahiti hana macho. Najua hana. Nimekuwa nikimwona tangu nizaliwe, kila mwali wa ukoo akitoka. Lakini mkono unasema hapa pana tundu la jicho, hapa pua inashuka, hapa shavu linapokea mwanga. Nikakwangua. Nilipokwangua, kichwa kikawa kidogo kuliko kiwiliwili. Nikakitupa, nikaanza kipande kingine. Huyu wa pili akatoka anageuza shingo kidogo, kama wale watu wa mawe.

Nimelia kama mtoto. Nilikuja huku nifundishwe mkono, na kweli umefundishwa. Sasa hauwezi tena kitu kilichofanywa na babu zangu ambao hawakuona kalamu.

Jumatano, 3 Julai

Wa tatu. Ana uso. Nimeshindwa kumzuia. Uso wenyewe ni wa mama yangu. Sikukusudia.

Ijumaa, 5 Julai

Sikupata nafasi ya kuwabadilisha kwa siri. Stoo ina kufuli na ufunguo uko kiunoni kwa Bruda. Basi nikamwendea waziwazi. Nikamweka wangu mbele yake nikasema, Bruda, mpeleke huyu, nirudishie yule.

Alimchukua, akamgeuza kwenye mwanga. Alipendezwa, nilimwona. Akaniambia nimepiga hatua kubwa. Kisha akanirudishia.

"Paulo," akasema, "huyu umejifunza kwangu. Nikampeleke Ulaya, wakatazame kazi yangu mwenyewe?"

Ni kweli tupu. Wangu si wa kwao na si wa kwetu. Kule hawamtaki, na huku sijui.

Nikapiga magoti. Ndiyo, nilipiga magoti, sitajificha hapa ninapojiandikia mwenyewe. Bruda akaniinua kwa upole, akasema nimechoka, kesho nipumzike.

Jumatatu, 8 Julai

Sanduku limepigiliwa misumari. Linahitaji maandishi ubavuni ili lisipotee njiani. Bruda kasema mwandiko mzuri kuliko wote ni wangu.

Nimeandika. Rangi nyeusi, herufi za Kidachi, zimenyooka, hakuna hata moja iliyochuruzika. Nilifikiri nikosee makusudi, lipotelee Kilosa au popote. Mkono ukaandika sawasawa. Nimeuchukia mkono huu.

Jumanne, 9 Julai

Wapagazi wamelishusha hadi stesheni. Nilifuata nyuma. Nilijiambia njia nzima kwamba nitafanya kitu. Palikuwa na askari wawili, Bruda, na Mzungu wa stesheni mwenye filimbi. Sikufanya kitu. Niliogopa viboko. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Nilikuwa nimekwisha kurudi misheni garimoshi lilipoondoka kwenda Dar es Salaam. Kutoka huku moshi wake unaonekana kule chini muda mrefu. Tomasi kasimama karibu nami, hakusema upuuzi wake leo. Akasema, "Pole, ndugu yangu." Hata yeye.

Jumamosi, 13 Julai

Nimewaambia. Nilipanda mapema, nikamwamkia bibi shikamoo, akanipa kigoda, nikabaki nimesimama. Nikasema yote, toka mwanzo, pamoja na mikeka ya Tomasi.

Bibi hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja: nywele nazo zimekwenda? Nikasema zimekwenda. Akashika shavu, akatazama nje. Katika nywele zile kulikuwa na za mwanawe.

Dada ndiye aliyesema. "Angekuja mwizi ningempigia yowe. Angekuja Mdachi ningemficha mwanahiti. Umekuja wewe, mjomba wake. Nani mwingine ningempa kwa mikono yangu?" Kisha akaingia ndani kwa Zaina, akafunga mlango.

Nilimtoa wangu kwenye mfuko nikamweka chini mbele ya bibi. Alimtazama usoni. Akasema, "Huyu mwanangu." Baadaye akasema, "Lakini mwanangu amekwisha kufa, Mkude. Mwali hapewi maiti alee." Akamfunika na ungo.

Niliteremka bila kuaga vizuri. Sijui nilipita njia gani.

Alhamisi, 18 Julai

Sikwenda karakana. Wameniuliza, nimesema homa. Nimelala natazama dari. Mtu angeniambia nife sasa, ningemuuliza tu kama atanisaidia kufa.

Jumamosi, 20 Julai

Mjomba lazima awepo. Nilikwenda. Nilitarajia kufukuzwa, hakuna aliyenifukuza. Walinipisha kila nilipopita, kama unavyompisha mtu mwenye ndui.

Ngoma zilianza jua likiwa limepanda. Wanawake wakaimba, wakamtoa Zaina, amepakwa mafuta anang'aa, shanga tele, amenenepa, mweupe wa kukaa ndani. Amekuwa mzuri. Watu wakapiga vigelegele. Kisha vigelegele vikafa, kimoja kimoja.

Mikononi hana kitu. Hakuweka mikono chini. Aliikunja mbele ya kifua, kiganja kimoja chini na kimoja nyuma, vilevile wanavyomshika mwanahiti, na katikati hewa. Akacheza hivyo. Alicheza mzunguko wote, hakukosea hatua, akishika mtoto asiyekuwepo. Kikongwe mmoja akaanza kulia kilio cha msiba, na wengine wakaitikia, na wapiga ngoma hawakujua waendelee au waache.

Alipofika mbele yangu alisimama, maana mwali husimama mbele ya mjomba wake. Nilipaswa kumwekea mkono kichwani na kumtakia uzazi. Nilinyoosha mkono. Akarudi nyuma hatua moja. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anamkinga mtoto wake.

Jumanne, 23 Julai

Karakana. Asubuhi ya baridi, mlima umejifunika wote. Kila mtu kapewa karatasi, mkaa, na kipande cha mkate. Bruda kasema leo kila mmoja achore anachotaka.

Nimechora mikono. Si ya plasta. Kiganja kimoja chini, kimoja nyuma. Sikuinua kichwa hata mara moja. Imetoka. Naandika bila majivuno: ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na labda sitafanya nyingine kama hiyo.

Bruda akaja, akasimama. Akauliza, ameshika nini huyu? Nikasema hakuna kitu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hii nisiiguse tena, ataiweka katika sanduku lijalo.

Aliposogea kwa Tomasi nikachukua mkate. Nikafuta vidole kwanza, nikaja kwenye viganja, mwisho ile hewa ya katikati. Pole pole, vizuri, kama alivyotufundisha, bila kuchubua karatasi. Mkate ulikuwa mweusi wote, hauliki. Nikaomba kipande kingine nimalizie kufuta.