Barua ya Darasani Kuhusu Nguzo ya Ploti Yetu

Jumanne, 6 Mei 2025

Daftari langu, hujambo? U mzima huko chini ya godoro? Mimi mzima kwa neema ya Mungu, magoti tu ndiyo yanalia na ngazi za orofa ya tatu. Mwalimu Austine ametaka kila mtu wa darasa la ngumbaru aandike shajara nyumbani, mkono uzoee. Basi nimekuja kwako.

Leo ametufunza barua rasmi. Anwani yako, tarehe, anwani ya unayemwandikia, kichwa, ndipo uingie ndani. Mimi niliachia darasa la sita, huko sikufika. Akasema hataki barua za ng'ombe wa kubuni aliyepotea. "Andikeni jambo linalowanyima raha. Mtu hujifunza kwa lililo lake."

Nikaiandikia serikali ya kaunti, ya zoezi tu, juu ya ile nguzo ya chini ya jengo letu, kando ya duka la Hodo. Kidole changu kizima kinaingia kwenye ufa! Na juu bado wanajenga — orofa ya saba sasa. Nikaweka namba ya ploti, ndiyo hili jengo letu la kupanga, jina la mwenye ploti, Mzee Ng'ang'a, na sahihi yangu.

Alhamisi, 8 Mei

Kumi na nane kwa ishirini! Mwalimu ameibandika barua yangu ukutani, ati wenzangu waige. Mimi, Kavinya wa kushona sweta! Mama mmoja aitwaye Wangu, tunayekaa naye dawati moja, akanichokoza: sasa wewe ni karani, tutakuwa tukikupigia foleni. Nimerudi mtaani kwetu Tassia nikiimba pambio.

Jumapili, 11 Mei

Ee Mungu wangu.

Darasa letu liko kwenye ukumbi wa kanisa. Baada ya ibada wazee wa kanisa hunywa chai ukumbini humo humo. Na Mzee Ng'ang'a ni mzee wa kanisa. Yote matatu niliyajua. Sikuyaweka pamoja!

Nilikuwa nikimimina chai. Nikamwona amesimama mbele ya ukuta, kikombe mkononi, anasoma polepole mpaka kwenye sahihi. Akaibandua, kona moja moja, bila kuichana. Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake. Akanijia.

"Dada yangu, una mwandiko mzuri."

Basi. Kisha akaomba sukari.

Jumatatu, 12 Mei

Ufa haupo. Nguzo imepigwa plasta, bado mbichi. Kivuva, msimamizi wa ploti, alikuwa anaosha mwiko. Akanisalimu Kikamba, ati sisi ni watu wa nyumbani, akaniita kwa jina la binti yangu.

"Mama Wavinya, hiyo shule yenu inafunza kuandika ama kuchongea watu?"

Akacheka. Mimi nilipanda ngazi.

Jumatano, 14 Mei

Mvua tangu jana. Mlango wangu haufungiki. Juzi niliusukuma kwa kidole, leo hata kwa bega umekataa. Hodo anapakia magunia ya unga kwenye mkokoteni. Nikamuuliza, unahama? Ati hapana, anapunguza mali tu. Halafu akaninong'oneza sikioni: "Plasta imepasuka tena, mama. Huna dada kule mtaa wa Umoja wa kukulaza wewe?"

Saa sita Kivuva akaleta neno la Mzee. Kwa kuwa watu wengi waliisoma ile ya ukutani, niandike barua nyingine, rasmi kabisa, niseme ile ya kwanza ilikuwa somo tu, mambo ya kubuni, na nyumba ni imara. Wapangaji wote watatia sahihi chini yangu. Siku ya mwisho Ijumaa. Nikikataa, nihame, na darasa litafute ukumbi kwingine.

Nimempigia Mwalimu. "Mama, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyesema iwe ya kweli." Sauti yake ilikuwa ya mtoto kabisa. Nimepiga magoti.

Ijumaa, 16 Mei

Saa nne asubuhi. Wako nje kwenye ngazi, Mzee na Kivuva. Nawaona kwa upenyo wa mlango.

Nimeandika anwani. Tarehe. Kichwa. Kalamu ikasimama. Juu wanaangusha mawe, na kila jiwe linaniletea vumbi kwenye karatasi. Napuliza, linarudi.

"Mama, umemaliza? Mzee ana mazishi ya kwenda."

Bado kidogo, nimemjibu Kivuva.

Nimemaliza. Nimeipiga picha, nikamtumia Mwalimu aikimbize kaunti kwa miguu yake. Nainakili hapa, kwa sababu karatasi yenyewe sasa hivi wataichukua:

"Barua yangu ya tarehe 6 Mei, ambayo haikuwafikia, niliiandika darasani, lakini yote niliyosema ni kweli: nguzo ya chini ina ufa, na juu bado wanajenga. Nguzo imepasuka tena juu ya plasta. Hodo wa dukani ameshaondoa mali yake. Tuko familia ishirini na nane. Watoto wako shuleni, watarudi saa kumi. Tafadhali tumeni mtu aje aone kabla ya saa hiyo. Naomba mnijibu upesi."