Mahari ya Mti wa Makadamia

Jumatatu, 3 Machi 1997
Ruiru, maabara. Asubuhi yote nasaga majani ya makadamia. Ya mti wa Baba, laini. Ya mti wa Mama Njoki, yule mjane jirani yetu kule Kamenu, miiba mitupu. Na ya ule mti uliojiotea mpakani kati yao: miiba nusu. Nashuku ni chotara. Njugu zake ganda jepesi ajabu. Bila huo mti sina tasnifu. Baba anasema umeingia shambani bila hodi, Jumamosi anaukata. Tangu Mama afariki ana hasira na kila kitu kinachoota.

Jumatano, 5 Machi
Stima imepotea kazi ikiwa katikati. Sampuli zote zimeharibika. Nimelia chooni. Jioni nimeenda Kamenu kuchuma majani mengine. Baba ananoa panga. Mama Njoki anamchochea kutoka ng'ambo ya ua: "Kata, Baba Wambui, kata! Mti wako ndio hauna adabu!" Nimewachukia wote wawili.

Ijumaa, 7 Machi
Imetoka! Kwenye picha ya DNA, mti wa mpakani una mistari ya mti wa Baba na ya mti wa Mama Njoki. Chotara halisi. Nyuki ndio walikuwa washenga. Nimeruka mpaka mkubwa wangu wa maabara akauliza kama nimeumwa na nyoka.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefika mbio, panga iko juu. Nikawaambia: huu ni mtoto wa miti yenu yote miwili. Baba akashusha panga.

Halafu Baba: "Kumbe mti wake umechukua binti yangu bila mahari?"

Mama Njoki: "Binti yako? Wee! Binti ni wangu!"

Aii! Juzi kila mtu aliukana, leo kila mtu anadai mbuzi wa mahari. Wakataka niwaambie mti upi ndio mama, yaani binti aliyeolewa. Kipimo changu hakionyeshi. Baba akaniuliza basi nilisomea nini. Imeniuma. Lakini mti haukatwi mpaka mahari ijadiliwe.

Jumapili, 16 Machi
Mkubwa wangu anasema kuna kipimo kingine, kinafuata upande wa mama pekee. Dawa zake ziko tayari kwenye friji, sijazigusa.

Nimepita Kamenu. Baba na Mama Njoki wako uani na chai, bado wanabishana mbuzi ni wangapi. Baba amenyoa ndevu. Akaniuliza kama mashine imeshajua mama. Nikamwambia bado, hii sayansi ni ya polepole.

Akasema hakuna haraka.