Upepeo Uliofungiwa Gizani

Mama Neema,

Umeniaibisha, nawe hupo nikuulize.

Jumamosi tulimaliza kilio chako, tukaondoa matanga. Mwanetu Yohana aliomba ruhusa kiwandani kwake Tonawanda, nje kidogo ya Buffalo, akaja kwa gari. Neema akaja kutoka Columbus na watoto wake, pamoja na sare: kitenge cha bluu kwa watu kumi na tisa, kwa sababu bluu ndiyo rangi ya ule upepeo wa hariri wa Kichina uliopenda kuutazama. Nilisema kilio humalizwa kanisani, kwa sala na chakula. Nani alinisikiliza? Baada ya sala tulikwenda sote kwenye jumba la makumbusho ulikofanya usafi miaka sita, tupige picha mbele ya upepeo.

Ndani ya kabati la kioo tulikuta bakuli.

Mlinzi, yule mzee uliyekuwa ukimpelekea mandazi, alieleza kwamba hariri iliyochorwa huharibiwa na mwanga. Huonyeshwa miezi michache, kisha hufungiwa gizani kwa miaka.

"Mkeo alijua," akasema. "Hakukuambia?"

Uliniambia. Hilo ndilo linaloniudhi. Kila Jumapili baada ya ibada ulisema, "Mwalimu, twende uuone kabla hawajauondoa. Kuna ndege wawili, mmoja anaangalia nyuma." Nami nikakujibu kwamba mtu aliyekua akipepea mkaa hapandi mabasi mawili kwenda kutazama upepeo. Nilijiona nimesema neno la busara. Ulicheka, ukavaa viatu, ukaenda peke yako kutazama, siku ya mapumziko, mahali ulipopiga deki wiki nzima.

Neema akasema, "Bon, Papa, tupige tu picha na bakuli." Tukapiga. Watu kumi na tisa wa bluu na bakuli moja la kahawia. Aliyenuna ni mimi peke yangu. Wewe ungecheka pamoja na wajukuu.

Sijui ni ndege yupi anayeangalia nyuma, wa kulia au wa kushoto. Ningekuuliza... basi.

Mlinzi anasema mtu anaweza kuandika barua, akaomba kuonyeshwa kilichohifadhiwa. Nimeandika. Wakikataa nitaandika tena, unanijua. Wakikubali, nitavaa kitenge hicho, nitapanda mabasi yote mawili, na nitasimama mbele ya ndege wako mpaka nifukuzwe.

Pumzika, mke wangu. Safari hii sitasema neno la busara.

Mumeo,
Mwalimu