Mwezi wa Juu na Mwezi wa Kalenda

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya soko la nguo.

Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa wifi yangu,

Salamu zikufikie huko uliko, zikukute mzima. Goti lako linaendeleaje? Bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na mumeo, ameshazoea zamu za usiku, au bado anasinzia na kijiko mkononi? Sisi huku hatujambo. Mama kikohozi kimempungua, siku hizi anasali amesimama.

Barua yako niliipokea. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama mlangoni, ya pili nikakaa chini. Unasema unaumia kwa kuwa hukumtupia kaka yako hata konzi ya udongo. Usijilaumu, wifi. Njia ni ndefu, na sauti yako kwenye simu siku ile ilitufikia wote. Kaburi limetulia, nyasi zimeshika vizuri.

Uliuliza vile vitabu vyake vya anga vimeishia wapi. Nakujibu kirefu kidogo, maana nusura viishie kwenye misumari.

Unamjua kaka yako. Kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti, kutwa yumo ndani ya shimo la jengo na tochi mdomoni, na mtaani walimwita Mwanaanga wa Ghorofa ya Nne. Walisema anapanda na kushuka tu wala hafiki. Hakukasirika. Akitoka kazini hupitia kwa Mama Kurasa, yule muuza vitabu vya mitumba chini ya ngazi za posta, anarudi na kitu kwapani: ramani ya mwezi, jarida la roketi lisilo na jalada, kitabu cha sayari chenye jina la mtoto wa watu asiyejulikana.

Vilivyochakaa nilimshonea mimi kwa uzi wa jinzi, majalada nikakata kwenye mifuko ya saruji. Ramani ya mwezi ilikuja na alama ya duara ya kikombe cha chai. Aliwaambia wageni kwamba hilo ni bonde, na kwamba halimo kwenye ramani nyingine yoyote duniani.

Kuna kitabu kimoja cha zamani kinachosema sayari ya Mshtarii ina miezi kumi na miwili. Nilimwambia, kumbe hata huko mwaka ni mwaka. Alicheka mpaka akavua miwani. Vipya zaidi vinataja miezi mingi kuliko hiyo, kwa hiyo nikamshauri akitupe kile cha zamani kwa kuwa kimekosea. Akasema, "Hakijakosea. Kilikuwa hakijaona bado." Akakirudisha mahali pake, karibu na wenzake.

Sasa, baada ya arobaini, kaka yenu mkubwa alikuja tukazungumza. Alisema kweli tupu, sitamsingizia. Chumba cha uani kimejaa karatasi, mimi nalipia kibanda sokoni, na mshahara wa marehemu umekwenda naye. Chumba kikipata mpangaji, nitapumua. Alikwishaongea na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anayetaka karatasi za kufungia misumari. "Shemeji," aliniambia, "karatasi haziliwi." Nilikubali. Wifi, nilikubali kwa mdomo wangu mwenyewe, tukapanga aje na mkokoteni Jumamosi.

Ila kuna vichache mkono ulikataa kuviacha. Nikavifunga kwenye kanga, nikampelekea Mama Kurasa, nikaona heri vipate msomaji kuliko vipate misumari.

Hapa lazima nikurudishe nyuma kidogo, maana wakati huo ulishaolewa na kuhama. Unajua nilivyokutana na kaka yako? Alikuwa amemwomba Mama Kurasa amwekee majarida ya mwezi. Yeye alimaanisha mwezi huu wa juu. Mama Kurasa akaelewa mwezi wa kalenda, akamwekea majarida yanayotoka kila mwezi: ya ufugaji wa kuku, ya magari, na moja la mitindo ya nguo, lenye karatasi za vipimo ndani. Kaka yako aliona haya kukataa. Akabeba yote. La mitindo akaliingiza pale nilipokuwa nashona, akauliza kama kuna anayelitaka. Nililitaka mimi. Nikamlipa kwa kumshonea mgongo wa kitabu, na mambo yakaanzia hapo.

Tukaoana, na yale majarida ya mitindo hayakukoma. Mara kwa mara atarudi na kitabu chake cha nyota, na chini yake jarida langu. Nikimuuliza, atasema, "Mama Kurasa kanisikia vibaya tena." Nilimwonea huruma. Nikamwambia, baba, sema kwa sauti, hata mbuzi akikosewa hulia. Yeye hucheka tu. Gauni la harusi ya binti wa jirani, lile uliloliona kwenye picha ukalisifu, lilitoka humo. Sare za kwaya pia. Niseme ufundi wangu wote umetoka humo.

Basi nikafika kwa Mama Kurasa na kanga yangu. Alinipa pole, akaniuliza habari za Mama, kisha hakukitazama hata nilichobeba. Akainama chini ya meza akatoa furushi limefungwa kamba ya katani.

"Nimemwekea kurasa zake za mwezi," akasema. "Sikujua nimpe nani."

Nikafungua. Juu kitabu cha vyombo vinavyozunguka dunia, kimelowa pembeni. Chini majarida mawili ya mitindo. Nikajikuta natabasamu, nikamwambia kwa utani kwamba miaka yote hii bado masikio hayajapona.

Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa na mtoto. "Masikio yangu yana nini? Nilikosea mara moja tu. Siku ya pili yake alirudi, nikamwambia lete nikubadilishie. Akasema usibadilishe. Akasema, kuanzia leo nitafutie za mwezi zote, wa juu na wa kalenda. Wa juu wangu, wa kalenda wa fundi wangu."

Nilimuuliza kwa nini marehemu hakuniambia. Akasema hilo ningemuuliza mwenyewe, ila alimdokezea kwamba fundi wake akinunuliwa kitu hurudisha dukani.

Ni kweli, wifi. Ningerudisha. Ningesema ada ya mtoto kwanza, mimi nina mitindo yangu kichwani. Kitu kilichokuja kwa bahati mbaya sikuwa na pa kukirudisha.

Nilirudi na kanga yangu na furushi juu yake. Sikulia njiani. Nililia nilipofika, nilipokuta jarida moja kati ya yale mawili lina mkono wa koti ambao nimeuhangaikia tangu mwaka jana. Nilikuwa nimemweleza kaka yako shida hiyo wakati anakula, nikidhani hasikilizi.

Siku iliyofuata nikarudisha ufunguo wa kibanda cha sokoni. Cherehani nikaihamishia chumba cha uani, katikati ya rafu, na meza ya kukatia chini ya ramani ya mwezi. Jumamosi shemeji akaja na mkokoteni na mwenye mkokoteni. Nikamkaribisha ndani.

"Shemeji," nikamwambia, "chumba kimeshapata mpangaji."

"Nani?"

"Mimi."

Akatazama cherehani, akatazama rafu. Akauliza kibanda je. Nikamwambia nimekiacha, kodi yake niliyookoa ndiyo kodi ya hapa. Akapiga hesabu kichwani, midomo ikitikisika, mwisho akasema mwenye mkokoteni hawezi kurudi mtupu, watu watamcheka. Tukampa kile kitanda kibovu cha uani. Kisha shemeji akakaa, akaitazama ramani, akaniuliza lile duara ni bonde gani. Nikamwambia jina lake amuulize aliyekunywa chai.

Wateja wanazoea. Akisubiri kupimwa, mtu huvuta kitabu. Mwalimu mmoja aliyeleta suruali kupunguzwa aliondoka na roketi, amesema atairudisha pamoja na suruali nyingine.

Uliomba kumbukumbu moja ya kaka yako. Ndani ya bahasha hii kubwa utakuta kile kitabu cha miezi kumi na miwili. Mgongo nimeushona upya. Usikisahihishe.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Kaka yenu mkubwa anakusalimu, anasema karatasi bado haziliwi. Binti yangu anamwamkia shangazi yake, shikamoo. Nisalimie mumeo na watoto. Mungu akutie nguvu ya goti na ya moyo, na siku moja akurudishe uone tulipomlaza.

Nina ombi moja dogo. Ukipita huko mahali wanapouza vitabu vya mitumba, niulizie kurasa za mwezi. Wakitaka kujua mwezi upi, waambie yote miwili.

Wako, anayekupenda kwa niaba ya wawili,

Fundi wake